Michezo ya Shule na Mambo ya Watu Wazima

Somo: 2 Samweli 13:1–22

Twaulizwa swali ambalo wengi hulidhani kuwa ni jipya, nalo si jipya hata kidogo. Vijana wa shule za sekondari hufanya michezo ya kuigiza, katika sikukuu za shule na katika mashindano. Na katika michezo hiyo huingia mara kwa mara mambo tuyaitayo ya watu wazima: uzinzi, mimba nje ya ndoa, ulevi, mtu kumtenza nguvu binti wa jamaa yake, mtu kujiua, hakimu kula rushwa. Wazazi wengine hukasirika, na wazee wa usharika hutaka mchezo uondolewe. Wengine husema, Waacheni, ndiyo dunia ilivyo. Waalimu wa Injili wamekaa katikati, nao wanataka neno la kuwaambia watu wao.

Tumeliweka somo la Tamari juu ya ukurasa huu makusudi. Sura hii haisomwi sana siku ya Bwana, na sababu yake twaijua. Lakini imo katika Biblia, wala haikuandikwa kwa mafumbo. Yuko mwana wa mfalme ajifanyaye mgonjwa, yuko na rafiki yake mwenye shauri la hila. Mikate yapikwa, watumishi watolewa nje, mlango wafungwa. Baadaye yuko ndugu amwambiaye msichana anyamaze, na yuko baba aliyekasirika sana, lakini hatusomi popote ya kwamba alimwadhibu mwanawe. Kila mtoto wa Kipaimara aliye na Biblia nyumbani aweza kuifungua sura hii na kuisoma peke yake usiku, pasipo mtu wa kumweleza. Huenda wengi wameisoma hivyo.

Tena sisi Walutheri tunalo neno jingine la kutuzuia tusijifanye hatujui. Tangu mwaka 1529, Dokta Martin Luther alipoitoa Katekisimu Ndogo, watoto wetu hufundishwa Amri ya Sita kwa kinywa, wakasimama mbele ya usharika na kuitamka pamoja na maelezo yake. Hatungojei mpaka waoe. Hatujasikia mzee aliyetaka amri hiyo irukwe kwa sababu miongoni mwa wanafunzi wako wenye miaka 13. Basi shauri letu haliwezi kuwa hili, ya kwamba jambo lenyewe lisitajwe mbele ya vijana. Limekwisha kutajwa, na sisi ndio tuliolitaja. Linalobaki ni kuangalia namna ya kulitaja, na mahali pake, na kwa kinywa cha nani.

Swali hili lilimfikia Luther mwenyewe mezani pake. Mtu mmoja msomi, jina lake Johannes Cellarius, alimwuliza habari za mwalimu wa shule katika nchi ya Silesia. Mwalimu huyo alitaka kuigiza na wavulana wake mchezo wa Terentius, na watu wengi walichukizwa, wakisema haimpasi Mkristo kujifurahisha kwa michezo ya wapagani. Twaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana wengi wetu hatumjui Terentius. Alikuwa Mwafrika. Kwa habari zilizoachwa na watu wa kale alizaliwa Karthago, akapelekwa Roma hali ya mtumwa, na bwana wake akamsomesha, kisha akamweka huru. Akatunga michezo 6 kwa Kilatini, na lugha yake ilikuwa nzuri hata shule za Ulaya zikaitumia kuwafundishia watoto kwa karne nyingi. Lakini ndani ya michezo hiyo mmejaa makahaba, watumwa wadanganyifu, wazee wachoyo, na vijana waharibio mali ya baba zao.

Mmoja wa michezo hiyo, ulioonyeshwa Roma mwaka 161 kabla ya Kristo, waitwa Towashi. Kijana amemwona msichana njiani, akamtamani. Akavaa mavazi ya towashi, akaingizwa katika nyumba alimowekwa yule msichana kana kwamba ni mlinzi wake, akamtenza nguvu. Kisha akatoka akajisifu kwa rafiki yake: ukutani palikuwa na picha ya mungu mkuu wa Warumi akimwendea mwanamke kwa hila, na ikiwa mungu alifanya, yeye mtu afanye nini? Kisa hiki ndicho watoto wa shule walichofundishwa ili wajue Kilatini.

Mwafrika wa pili akaja kumhukumu wa kwanza. Augustino, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi iitwayo Algeria leo, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo juu ya mahali hapa hapa katika mchezo wa Terentius. Alikasirika sana. Neno lake ni hili, kwa kifupi: si kweli kwamba mtoto hawezi kujifunza maneno mazuri ya lugha bila kujifunza uchafu huo, bali kwa maneno mazuri hayo hupata ujasiri wa kuufanya uchafu. Yeye alikuwa na haki ya kusema, maana alipokuwa mwanafunzi alisifiwa kwa kuigiza hasira ya mungu mke wa kipagani mbele ya wenzake. Tena alipofika Karthago alipenda sana kwenda kutazama michezo, akawalilia watu wasiokuwako, huku dhambi zake mwenyewe hazimtoi chozi.

Luther alimheshimu Augustino kuliko waalimu wote wa kale, naye mwenyewe alikuwa mtawa wa chama chenye jina lake. Hata hivyo hakumfuata katika neno hili. Alijibu kwamba wavulana wa shule wasikatazwe michezo. Kwanza wajizoeza lugha. Pili mchezo waonyesha kila mtu kama katika kioo wajibu wake, bwana na mtumwa, kijana na mzee, baba na mwana. Ama kwa habari ya uchafu na uzinzi utajwao ndani yake, alisema kwamba Mkristo akikimbia mchezo kwa sababu hiyo, basi hata Biblia hataweza kuisoma. Mwaka 1528, Filipo Melanchthon alipoandika maagizo ya kuangalia makanisa na shule za Saksonia, na Luther akayatolea dibaji, waliagiza watoto wajifunze Terentius kwa moyo. Ila walipotaja michezo ya Plautus, mtungaji mwingine wa Roma, walisema ichaguliwe iliyo safi. Waliufungua mlango, wakaweka na bawabu.

Sisi, tukiwasikiliza wote wawili, twaona kwamba Augustino alikitambua kidonda na Luther aliijua dawa, lakini liko jambo katika mchezo ule ambalo hatukuona wakilishika. Someni tena kisa. Kitendo chenyewe hakifanyiki mbele ya watazamaji, husimuliwa. Kwa macho, basi, hakuna kitu cha kuficha. Lakini yule msichana, jina lake Pamfila, hasemi hata neno moja katika mchezo mzima. Hupita jukwaani tu. Anasema kijana, anasema rafiki yake, anasema kahaba mwenye nyumba, wanasema watumwa. Yeye hakupewa kinywa. Mwishoni anaozwa yule yule aliyemharibu, watu wanacheka, mchezo umekwisha. Kwa maoni yetu huu ndio ubaya wake, nao ni mbaya kuliko maneno machafu.

Pimeni jambo hili kwa Tamari. Biblia haikumnyima kinywa. Kabla ya kitendo asema, akimwonyesha kaka yake aibu itakayowapata wote wawili. Baada ya kitendo asema tena. Anapofukuzwa hutia majivu kichwani na kwenda akilia barabarani mpaka watu wamjue. Amwambiaye anyamaze ni mwanadamu, Absalomu, wala si Mungu aliyeiweka habari yake katika kitabu hata leo. Basi mwalimu akileta mchezo, tusiulize tu ni dhambi gani inayotajwa. Tuulize aliyedhulumiwa amepewa maneno mangapi. Na udhuru wa mdhalimu, kama ule wa picha ya ukutani, je, mchezo unaujibu, au unauacha usimame?

Wakristo wa zamani walilijua hilo kwa namna yao. Katika karne ya 10 aliishi Gandersheim, Ujerumani, mwanamke wa utawa jina lake Hrotsvit. Aliona watu wa kanisa wanapenda kusoma Terentius, akatunga michezo 6 ya kumjibu, kwa mtindo wake yule yule. Na katika miwili ya hiyo mzee mtakatifu aingia danguroni ili kumtoa mwanamke aliyepotea. Alikiri katika dibaji yake kwamba aliona haya alipokuwa akiyaandika mambo mengine. Akayaandika hivyo hivyo.

Hata katika siku za Luther, mwalimu wa shule Paulo Rebhun alitunga mchezo wa Susana, ukaigizwa mji wa Kahla mwaka 1535. Habari ya Susana imo katika vitabu vya Apokrifa, nanyi mwaijua: wazee wawili, waamuzi wa watu, wamtamani mke wa mtu alipokuwa akioga bustanini, na alipokataa wakamshitaki kwa uzinzi ili auawe. Kijana Danieli ndiye aliyewaumbua. Haya yaliigizwa katika mji wa Kilutheri, miaka 18 tu tangu yale maneno 95 ya Wittenberg, na mtungaji wake alikuwa rafiki wa Luther.

Twasema neno lifuatalo kwa heshima kwa wazee wetu, maana sisi nasi tu miongoni mwao. Waovu katika habari ya Susana si vijana, wala si walevi wa njiani, bali ni wazee, watu wa kuketi mbele. Mtu mzima asemapo, Mchezo huu haufai watoto, mara nyingi asema kweli. Lakini mara nyingine akiutazama moyo wake ataona kwamba haogopi watoto kujifunza dhambi. Aogopa watoto kuonekana wanaijua. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni ulinzi wa mchungaji. La pili ni neno la Absalomu, umbu langu nyamaza, ni ndugu yako.

Tuwape mfano wa nchi ya mbali. Katika mji wa Fulton, jimbo la Missouri, Marekani, wanafunzi wa shule ya sekondari waliigiza mchezo wa nyimbo uitwao Grease, mwishoni mwa mwaka 2005. Zilikuja barua za malalamiko, nyingine kutoka kwa Wakristo, kwa ajili ya kuvuta sigara, kunywa na kubusiana jukwaani. Mkuu wa shule za mji alipoona hivyo aliondoa pia mchezo uliokuwa umepangwa baadaye, The Crucible, uliotungwa na Arthur Miller mwaka 1953, asije akaleta ugomvi mwingine. Badala yake wakapewa mchezo wa Shakespeare wa wapenzi waliopotea msituni. Mwalimu wao akaiacha kazi yake.

Kwa barua za kwanza hatuwalaumu wale wazazi. Mchezo ukisifu upuuzi, mzazi ana haki ya kuandika barua, na barua ni njia ya watu waungwana. Lakini angalieni kile kilichoondolewa pamoja nao. The Crucible ni habari ya kijiji cha Salem, mwaka 1692, ambapo wasichana walianza kuwataja watu kuwa wachawi, na mahakama ikawaamini, na watu 19 wakanyongwa. Uzinzi umo, ni kweli: mtu mmoja alizini na mtumishi wa nyumba yake, na dhambi hiyo iliyofichwa ndiyo inayozaa ushuhuda wa uongo. Amri ya Sita imevunjwa, na kwa kuvunjwa kwake ya Nane na ya Tano zavunjwa nyuma yake. Mwalimu wa Kipaimara angetafuta mwaka mzima mfano bora kuliko huo asiupate. Na sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao katika nchi ya Wasukuma tumesikia vikongwe wakiuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, tungefanya vema kuuleta mchezo huo kwetu, wala si kuufungia.

Jambo jingine la karibu, tulipite upesi kwa kuwa mengi yake ni ya siasa. Wasichana wa shule ya sekondari ya Butere, Kenya, wamezuiliwa mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2025, kwa michezo iliyotungwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega katikati ya miaka hiyo. Mara zote mbili Mahakama Kuu iliamuru waachwe waigize. Mara ya pili, mwezi wa Aprili huko Nakuru, mambo yaliishia kwa mabomu ya machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Michezo hiyo haikuwa ya uzinzi. Ilikuwa ya utawala. Lakini hoja ilifanana: ya kwamba haya si mambo ya watoto wa shule. Mtu aweza kuyachukia maneno ya mchezo na bado akaona kwamba moshi wa polisi si jibu kwa wasichana wa sekondari.

Turudi kwetu. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania, ukatangazwa mwaka 2011, na ndani yake karibu 3 katika kila 10 wa wasichana wenye miaka 13 mpaka 24 walisema kwamba walitendewa jeuri ya zinaa walau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu 1 katika 7. Ninyi waalimu, hesabuni viti vya darasa lenu. Tunapokaa barazani tukijadili kama vijana wetu wako tayari kusikia habari za Amnoni, wako wanaosikiliza kwa nje ya dirisha ambao wamekwisha kukutana naye, naye alikuwa mjomba, au jirani, au mwalimu. Mtoto kama huyo, akiona jambo lake limeletwa mbele ya watu, na watu wameliita ovu kwa sauti, huenda kwa mara ya kwanza akajua kwamba kosa si lake. Kwa ajili ya mtoto huyo mmoja hatuwezi kukubali sheria ya kunyamaza.

Wala si neno jipya katika Kiswahili. Penina Muhando alipotoa mchezo wake Hatia mwaka 1972, habari yake ilikuwa msichana aliyepata mimba pasipo ndoa. Miaka mingi ikapita tangu hapo, na wasichana wa namna hiyo waliendelea kufukuzwa shule, mpaka mwezi wa Novemba mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba waruhusiwe kurudi.

Hata hivyo bawabu na awepo mlangoni. Luther alisema michezo isikatazwe. Hakusema kila mchezo uchezwe. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakumwigizia mambo ya Bathsheba. Alimletea mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akatoa hukumu kabla hajajua kwamba anajihukumu mwenyewe. Mambo mengi mazito yaweza kuletwa hivyo, na watunzi wetu vijana wajifunze ufundi huo. Tena kutaja si kutenda. Terentius mpagani alijua kukiacha kitendo nyuma ya mlango. Itakuwaje mwalimu Mkristo asijue? Viungo vya mwanafunzi ni vyake, wala asilazimishwe na mtu kushikwa au kubusiwa mbele ya watu ili shule ipate kikombe. Msichana akikataa sehemu aliyopewa, asiulizwe sababu mara ya pili. Na mahali ambapo watazamaji watacheka, mwalimu apajue mapema: wakicheka mlevi, haya, wakimcheka binti aliyedhulumiwa, ukurasa huo uandikwe upya au uondolewe.

Habari ya mtu kujiua yataka uangalifu wa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mashauri kwa watengenezaji wa sinema na wa michezo ya jukwaani, nalo lilisema wazi kwamba kitendo chenyewe na njia iliyotumika visionyeshwe, kwa kuwa wako wanaoweza kuiga. Hapa hatuoni haja ya kubishana.

Watoto wadogo wa shule ya msingi, ambao siku za mashindano hujaa mbele kabisa wakiketi chini, wasiwepo. Wazazi waambiwe wiki mbili kabla, kwa barua yenye kueleza mchezo ni wa nini, maana mzazi aliyeambiwa hukasirika kidogo, na mzazi aliyeshtukizwa hukasirika sana, na hapo ana haki. Wazee wa usharika waalikwe kuusoma mchezo ungali karatasi, wala si kuja siku ya mwisho na kuufunga ukumbi. Na wakisha kuusoma, wakaona ndani yake mzee wa kanisa aliye mwovu, wasome tena habari ya Susana kabla ya kutoa neno.

Limebaki moja, ambalo shule nyingi hulisahau. Mchezo wa namna hii ukiisha, pawe na mtu wa kukaa. Awe mwalimu mwanamke au mama wa usharika anayeaminiwa na wasichana, na kwa wavulana mwanamume wa namna hiyo. Akae mahali panapojulikana, jioni ile na kesho yake, kwa yeyote atakayetaka kusema. Ajue mapema atampeleka wapi mtoto akisema: kwa daktari yupi, kwa ofisi ipi ya ustawi wa jamii, kwa askari yupi wa dawati la jinsia. Wala mahali pale pasiwe ofisi ya mkuu wa shule, ambapo kila apitaye uwanjani huona ni nani aliyeingia.